Kesi ya Kompyuta Nyumbani kwa Karani

Ukimpelekea Karani habari yoyote, hata kama ni ya mvua, alikuacha useme mpaka mwisho, akavua miwani, akakuuliza, "Ulikuwepo?" Ukijibu kwamba hukuwepo, ila umeambiwa na fulani, alivaa miwani yake tena na mazungumzo yakaishia hapo. Hakukukasirikia. Alikuwa amekuondoa tu katika mashahidi wake, na kama ulitaka kuendelea kukaa naye ilikubidi utafute jambo uliloliona kwa macho yako mwenyewe. Mimi nilijifunza mapema. Nilipokuwa nakwenda kwake, njiani nilikuwa natafuta cha kuona: mbuzi kapanda ngazi za duka, gari limekwama mchangani, chochote, ili nisifike mikono mitupu.

Alikuwa karani wa mahakama miaka mingi, akastaafu, na cheo kikagoma kustaafu. Jina alikuwa nalo, lakini mtaani kwetu Bagamoyo hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Karani, isipokuwa akiwa amemkasirikia, ambapo alimwita Baba Zuhura. Duka langu la steshenari lilitazamana na mlango wao, njia yenyewe nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya kwao mimi nasema pole. Nilihamia pale nikitokea Lugoba, na watu wa kwetu tunaanza na hadithi kwanza, aliyeona tutamtafuta baadaye. Unaweza kuona tulivyoanza vibaya.

Mahakamani, moja ya kazi zake ilikuwa kusimama mlangoni na kuita majina ya wenye kesi, na ile sauti aliondoka nayo. Mwenyewe hakujua ni kubwa. Akiomba chumvi mezani, mtaa mzima tulijua leo mchuzi umepooza. Siku moja alimwita mkewe waende hospitali, na mwanamke mwingine kabisa, aliyekuwa anapita na ndoo yake, akasimama na kuitika, "Abee!" Alituambia baadaye kwamba aliwahi kudai talaka pale mahakamani zamani, na sauti ile ilimrudisha kizimbani kabla hajawaza.

Sokoni wauza samaki walimwogopa. Walikuwa wamezoea wateja wanaobishana bei, naye bei hakubishana nayo. Alimhoji muuzaji. Huyu changu kavuliwa lini? Wewe ulikuwepo alipovuliwa? Aliyekuletea alikwambia nini hasa, kwa maneno yake? Muuzaji akianza kujikanyaga, Karani alimrudisha samaki taratibu juu ya meza kama anayemlaza mtoto, akashukuru, akaenda meza ya pili. Nilimwona kijana mmoja mwenye ulimi mkali, ambaye huwa hashindwi na mtu, anamwambia, "Mzee, chukua huyu bure, ila usiniulize." Karani alikataa. Alisema samaki wa bure ndiye anayetakiwa kuhojiwa zaidi.

Ukidhani mtu wa namna hiyo hapendwi, umekosea. Katika miaka yake ya kazi alisikia siri za nusu ya mji: nani aliapa uongo juu ya kiwanja, nani alimkana mtoto, ndugu gani walishikana mashati kwa ajili ya minazi ya marehemu. Hakuna neno hata moja lililowahi kutoka kinywani mwake. Watu waliokwaruzana mahakamani walikaa naye barazani, huyu leo na yule kesho, na wote aliwamiminia chai ileile. Nilijaribu kumchokonoa, nakiri, maana mimi na umbea ni mtu na dada yake. Alinitazama kwa huruma ya kweli akasema, "Mwanangu, mimi nimesikia mengi, nikalipwa mshahara kwa kuyasikia. Kuyasema sikulipwa."

Kuandika aliacha kabisa siku aliyokabidhi ofisi. Kalamu ilikaa mfuko wa shati kila siku, imeng'aa, na sijawahi kumwona akiitoa. Mkewe akimtuma dukani alikariri vitu kwa kidole, akakosa kimoja, akarudi, akakosa kingine. Tulimcheka. Alijibu kwamba ameiandikia serikali ya kutosha na sasa mkono upo likizo.

Na huyu mtu wa ushahidi, asiyekubali hata bao la mpira kwa sababu mtangazaji wa redio ni shahidi mmoja tu, hakutoka nje ya mji bila mkewe kumsomea dua na kumpulizia utosini. Aliinama pale mlangoni, mwili mrefu ule, kofia mkononi, akangoja. Kama basi la Msata lilikuwa linapiga honi, lipige. Nilimuuliza siku moja ushahidi wa hilo uko wapi. Akasema, "Nimekwenda na nimerudi. Wewe unataka nini zaidi?"

Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa mwanamke wa kicheko. Alikuwa anamcheka mumewe hadharani, tena kwa raha, na yeye alifurahi kuchekwa na huyo mmoja tu. Lakini miaka ile ninayoisimulia, sukari ilikuwa imemfika machoni. Daktari aliwaeleza bila kuficha: nuru itaendelea kupungua, dawa zitaichelewesha, miwani haitasaidia. Alikuwa bado anaona vitu vikubwa vyenye mwanga. Uso wa mtu akiwa mbali kidogo ulikuwa unampotea.

Na mtu aliyetaka kumwona kuliko wote alikuwa Maskati. Zuhura, mtoto wao wa pekee, alikuwa anafanya kazi huko katika ofisi ya kusafirisha mizigo, na likizo yake kila ikikaribia inasogezwa. Kwenye simu mama alisikia sauti, lakini uso, alisema, ulikuwa kama umepakwa kidole. Ndiyo maana Zuhura, alipokuja mara ya mwisho, aliwanunulia kompyuta ya mezani yenye kioo kipana, akaiweka sebuleni, akanifundisha mimi, nami nikamfundisha baba yake, kazi iliyonitoa jasho. Kila Ijumaa mchana, watu wakishatoka msikitini, Zuhura alipiga, na sura yake ikajaa kioo kizima.

Nilijua saa imefika bila kutazama ukutani. Mama Zuhura alikuwa anavaa dera lake la kutokea, anapaka wanja kwa kupapasa, anatandika kitambaa cha mezani alichokidarizi mwenyewe zamani macho yakiwa mazima, na harufu ya udi inavuka njia mpaka kwenye mashine yangu ya fotokopi. Mgeni akija nyumba inafukizwa. Kwake yeye mtoto alikuwa anakuja, tena kwa udi mzuri ambao mtoto mwenyewe aliutuma kutoka huko huko.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda. Halafu kompyuta ikaanza kuzimika. Haikuganda, haikulalamika, haikuandika onyo lolote. Wako katikati ya maongezi, Zuhura anaeleza habari za mwenye nyumba wake, mara kioo cheusi na nyumba kimya. Ukiwasha mara moja inakataa. Ukingoja kidogo inawaka, dakika chache, inazimika tena. Zuhura naye anapiga tena na tena, mwisho anakata tamaa.

Nilimkuta Mama Zuhura Ijumaa moja amekaa vilevile mbele ya kioo cheusi, wanja machoni, mikono mapajani. Nilimwambia asijali, wiki ijayo wataongea. Alicheka kidogo, kicheko ambacho sikukizoea, akasema, "Wiki ijayo nitamwona kidogo kuliko leo, mwanangu. Mimi ndiyo hesabu yangu hiyo." Karani alikuwa amesimama nyuma yake na niliona ameyasikia.

Kuanzia hapo ikawa kesi. Alilihamisha jambo lote mikononi mwake na hakuna aliyeruhusiwa kulichukulia kwa mzaha.

Mimi nilikuwa wa kwanza kuitwa. Nililibeba boksi, lile la chini ambalo mafundi huliita sipiyu, nikalipeleka dukani kwangu. Liliwaka kuanzia nafungua mpaka nafunga, siku baada ya siku. Nilicheza video, nilichapa barua za watu, nililiacha linaimba taarabu peke yake nikaenda kula. Halikuzimika. Nikalirudisha nikiwa najivuna, nikasema ni waya tu ulikuwa umelegea. Ijumaa ikafika, udi ukanukia, Zuhura akapiga, na kabla hajamaliza kuwaulizia majirani kompyuta ikazimika.

Akaitwa fundi wa Kerege, mtu mzima mwenye ndevu nzito na heshima zake, anayetengeneza kompyuta kando ya barabara ya Dar. Akakaa nalo wiki, akabadilisha kifaa cha umeme cha ndani, akasema sasa limepona. Kwake lilipona. Kwa Karani, Ijumaa, likazimika. Tukanunua stebilaiza, maana umeme wetu tunaujua. Likazimika na stebilaiza yake.

Majirani nao hawakukosa la kusema. Mmoja alileta habari ya jini asiyependa sura za watu walio mbali kuingizwa ndani ya nyumba. Karani akavua miwani. "Ulimwona?" Mwingine akasema ni husuda, watu wameona mtoto kanunua kitu kikubwa. Karani akamuuliza hao watu ni nani, walisimama wapi, na walikitazama kitu kwa muda gani, mpaka yule mama akakumbuka ameacha maharage jikoni.

Mimi nilikuwa na nadharia yangu, kwamba kupiga simu ya picha ni mzigo mzito na kompyuta ile imechoka. Karani hakuikataa. Aliipima. Siku ya Jumanne alinitaka nimpigie kwa picha kutoka dukani kwangu, tukae hewani. Tulikaa. Nilihudumia wateja, nilikata karatasi, nilijibizana na mtu wa vitambulisho, yeye yupo tu kwenye simu yangu ananitazama kama jaji. Mpaka simu yangu ikaisha chaji, kompyuta yake bado nzima. Nadharia yangu ikafa pale. Nikapandwa na hasira, nikamwambia anunue nyingine tu, hii ina laana.

"Hatumhukumu mtu kwa sababu tumechoka naye," alisema. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. "Haizimiki kwako. Haizimiki Kerege. Haizimiki hapa Jumanne. Inazimika hapa, Ijumaa, Zuhura akiwepo. Basi kosa linatendwa na kitu kinachokuwepo Ijumaa tu. Mahakama itahamia eneo la tukio."

Sijawahi kushiriki mchezo wa kuigiza mzuri kuliko ule. Ilikuwa asubuhi ya katikati ya wiki. Karani alitangaza kwamba leo ni Ijumaa na kila mtu afanye kile anachofanya Ijumaa, asiongeze wala asipunguze. Zuhura alikuwa kazini, kwa hiyo nafasi yake alipewa fundi wa Kerege, apige kutoka kibandani kwake. Karani mwenyewe, ambaye kila Ijumaa huchelewa msikitini akisalimiana na watu na hufika maongezi yameshaanza, safari hii aliketi pembeni toka mwanzo, mikono magotini, akitazama.

Fundi akatokea kwenye kioo, ndevu zote. Mama Zuhura, aliyelichukulia jambo kwa uzito unaostahili, akasogea mbele. "Hujambo mwanangu?"

"Sijambo mama, shikamoo," akasema fundi.

"Marahaba. Mbona umenenepa hivyo?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Fundi naye alikuwa anajizuia, nyuma yake malori yanapita. Karani hakucheka. "Endelea, Mama Zuhura. Fanya kama Ijumaa."

Mama Zuhura akaenda jikoni akarudi na chetezo, makaa yamekolea, vipande vya udi juu yake vinafuka. Akakizungusha pembe za chumba. Kisha akapiga magoti mbele ya meza, akainua pindo la kile kitambaa alichokidarizi, kilichoshuka mpaka sakafuni, na kwa kupapasa akakisukuma chetezo ndani mpaka kikagusa boksi la kompyuta. Akarudishia kitambaa vizuri, akakinyoosha kwa kiganja.

"Apate harufu," alitueleza, kana kwamba tumeuliza. "Udi wake mwenyewe huu. Namweka karibu kabisa."

Nilimtazama Karani, naye alikuwa ananitazama mimi. Pale chini ya meza, ndani ya hema la kitambaa, kile kifeni kidogo cha kompyuta kilikuwa kinavuta moto wa makaa na moshi wa mafuta ya udi, Ijumaa baada ya Ijumaa. Fundi aliendelea kusimulia bei ya vitunguu kama mtoto mwema wa kike, na akiwa katikati ya neno, mdomo wazi, kioo kikawa cheusi.

Nilifungua kinywa. Karani akainua mkono, ule mkono wa kunyamazisha ukumbi, nami nikanyamaza. "Mahakama inaahirishwa," alisema. "Mama Zuhura, tutengenezee chai."

Mkewe alipoingia jikoni tulipiga magoti sisi wawili. Boksi lilikuwa limechemka, mkono haukai. Matundu ya feni yalikuwa yameziba kwa utando mweusi, ambao mimi na fundi tuliudhania vumbi tu, unaonata na kunukia vizuri sana. Karani aliufuta kwa kidole, akakinusa kidole. Nilimwona uso ukibadilika. Nilikuwa nimezoea kumwona akifurahi ushahidi unapopatikana, na siku ile alionekana kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

Chai ilipokwisha alisimama akatoa hukumu kwa sauti yake ileile. Alisema mahakama imeona kwamba ukuta wa sebule ni wa zamani, unatoa chumvi na unyevu, na kwamba boksi la kompyuta haliwezi kukaa chini karibu na ukuta wa namna hiyo likabaki na afya. Linahamishiwa juu ya kabati, upande wa pili wa chumba, kuanzia leo.

"Ukuta?" akasema Mama Zuhura. "Ukuta huu huu uliokaa hapa miaka yote bila kesi?"

"Ndiyo maana hatukuushuku."

"Masikini ukuta, hauna hata wakili." Akacheka, nami nikatazama sakafu.

Sikumwacha. Alipotoka kunisindikiza nilimshukia pale njiani, kwa sauti ya chini lakini kwa hasira, maana miaka yote ile alikuwa amenibana mimi na vijihabari vyangu. "Mzee, wewe! Ushahidi umeushika mkononi, unamhukumu ukuta?"

Alitazama kwanza kama mlango umefungwa. "Mwanangu, nikimwambia, udi atauzima. Hilo dogo. Halafu atakaa akumbuke kila Ijumaa aliyomkosa Zuhura, na ajue ni mkono wake mwenyewe uliokuwa unamfukuza. Macho yenyewe ndiyo hayo. Umwambie wewe kama unaweza."

Sikuweza. Nilirudi dukani na wivu, nauita kwa jina lake, kwa sababu sijawahi kuona mtu akimlinda mtu namna ile, tena kwa kuvunja kitu alichokishikilia maisha yake yote. Ukuta kweli ulikuwa unatoa chumvi. Alitafuta uongo ulio karibu na ukweli kadiri alivyoweza, masikini. Lakini ulikuwa uongo, yeye alijua, na aliutamka wima.

Fundi wa Kerege akaja akalisafisha boksi kwa brashi na spiriti, akaweka feni mpya, tukalipandisha juu ya kabati. Ijumaa iliyofuata niliacha mteja dukani na karatasi zake nikaenda kusimama mlangoni mwao. Udi ulifuka chini ya meza kama kawaida, hauna wa kumdhuru. Zuhura akaongea. Akaongea mpaka akaishiwa na habari, akaanza kuzirudia. Adhana ya alasiri iliwakuta bado wanaongea, na Mama Zuhura alikuwa anamwambia ageuke upande, ageuke tena, amwonyeshe sikio, amwonyeshe meno. Nililia pale mlangoni bila aibu yoyote. Karani alinipa kitambaa chake cha mfukoni, kimepigwa pasi.

Waliendelea hivyo kwa muda mrefu na kompyuta haikuzimika tena. Karani aliizoea mpaka akawa anacheza karata humo asubuhi, peke yake, na akishindwa anaiambia ijitetee. Ila nina jambo moja silielewi mpaka leo. Baada ya miezi kadhaa niliingia Ijumaa nikakikuta chetezo kimewekwa kwenye kizingiti cha mlango, mbali kabisa na meza. Mama Zuhura alikuwa amekiweka mwenyewe. Nikamuuliza mbona amekihamisha, akasema hapo mlangoni harufu inaingia vizuri, kisha akamwita mumewe kwa upole kuliko nilivyomzoea, amletee maji. Kama alijua, alijua toka lini na kwa nani, mimi siwezi kusema.

Nimeshahama mtaa ule. Barabara ya Kerege ina wateja zaidi, na nilipopata fremu jirani na yule fundi sikuiacha. Karani nimekuwa nikimwona kwa nadra, nikienda Bagamoyo kwa shughuli. Amepungua mwili. Mwaka huu alinipigia simu mchana, na kwenye simu hajui salamu ndefu. "Unahitajika," alisema, akakata.

Nilidhani kuna ubaya. Nilifunga duka, nikafika nikihema, nikasikia vicheko kabla sijavuka njia. Zuhura alikuwa amekuja. Alikuwa amekaa sakafuni miguuni kwa mama yake, mwanamke mzima sasa, mabegi bado yamefungwa, na Mama Zuhura alikuwa anampapasa uso polepole: nyusi, pua, kidevu. Alimpapasa muda mrefu.

"Nimekushika," alisema hatimaye. "Alhamdulillahi. Kukuona bado."

Zuhura akasogeza uso wake karibu, karibu kabisa. Mama akakaza macho, akatikisa kichwa. Pale sebuleni, kwenye kivuli, kulikuwa na wingu tu lenye sauti ya mwanawe. Niliona Zuhura akianza kuuma mdomo. Amevuka bahari baada ya miaka yote hiyo, na mama yake hamwoni.

Karani alikuwa amesimama karibu na kabati. Alifikiri kidogo, kisha akabonyeza, kompyuta ikaanza kuwaka. "Zuhura," aliita, kwa ile sauti ya mlango wa mahakama, ingawa mtu mwenyewe alikuwa hatua chache tu mbele yake. "Ingia chumbani. Kaa penye dirisha, kwenye mwanga. Mpigie mama yako."

Zuhura alicheka akidhani ni utani wa baba. Halafu akaelewa, na kicheko kikamwishia. Akachukua simu yake, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Karani alikwenda akafunga madirisha ya sebule, moja moja, akashusha mapazia, mpaka kikabaki kile kioo tu kinang'aa. Akamshika mkewe bega, akamkalisha kwenye kiti mbele yake. Simu ikaita. Na uso wa Zuhura ukatokea, mkubwa, umejaa kioo kizima, una mwanga wa mchana wa Bagamoyo upande mmoja. Sauti ilitufikia mara mbili, kutoka kwenye kompyuta na kupitia mlangoni.

"Mama, unaniona?"

Mama Zuhura alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Alikuwa anasoma. "Una mvi," alisema.

"Chache tu, mama."

"Nani kakuruhusu?" Akacheka, kile kicheko chake chenyewe, na machozi yanamshuka. "Na paji la bibi yako limekutoka sasa. Lilikuwa halijatoka. Karani, unaliona?"

"Naliona," alisema Karani. Hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anamtazama mkewe.

Chumbani Zuhura alisikika akijifuta pua, nyuma ya mlango, karibu kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono nikamfungulia. "Basi mama, nije sasa nikukumbatie?"

"Usikate," alisema Mama Zuhura. "Usikate kwanza, mwanangu. Bado nakuona."